Kupima kwa Miguu, Kamba na Amri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa Awali, Darasa la Kwanza na la Pili, pamoja na wazazi, hapa Mwanza na kandokando ya ziwa. Majibu yamepangwa kwa shule yenye uwanja, chaki na makatoni. Kompyuta ikiwepo ni nyongeza.

Kwa nini kupima kufundishwe pamoja na kuruka, kutembea na kupanga programu?

Mtoto akiruka, anausikia umbali mwilini, lakini hakuna kinachomlazimu kuutaja kwa namba. Akiandika "hatua 6" kwenye daftari, huenda amenakili kwa jirani. Programu ni mfululizo wa amri zinazopangwa kabla ya kutekelezwa, kwa hiyo inamtaka aseme mapema: hatua ngapi, za nani, kuelekea wapi. Mwenzake akianza kutembea, kosa linaonekana papo hapo na watoto wenyewe wanalisaka. Hakuna haja ya kalamu nyekundu.

Wazo hili lina historia ndefu. Lugha ya kompyuta ya Logo ilitengenezwa Marekani mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, na baadaye ikapewa "kasa", yaani roboti au mchoro kwenye kioo, anayekwenda mbele na kugeuka kwa amri za mtoto. Papert alisisitiza kwamba mtoto aliyekwama ajiweke mahali pa kasa na kuitembea njia kwa miguu yake. Sisi tunaanzia huko kwenye miguu.

Sina kompyuta wala umeme. Nahitaji nini?

Kata makatoni vipande vya sentimita 10 kwa 15. Kila kundi lipate kadi 12 za MBELE, 6 za KULIA, 6 za KUSHOTO, 2 za SIMAMA, na kadi za namba 1 hadi 9. Chora mshale mkubwa kwenye kila kadi ya kwenda au kugeuka ili hata asiyejua kusoma aitumie. Kadi za RUDIA na KAMA zifiche kwanza, zitakuja wiki za baadaye. Programu inapangwa chini kwa mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, na kila kadi inawekewa kokoto juu yake. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana, kadi zisizo na kokoto hupeperuka na programu nzima inavurugika.

Ongeza futi kamba moja, vigingi vinne, na kamba.

Uwanja wa miraba nauchoraje, na uwe na ukubwa gani?

Tunapendekeza miraba 5 kwa 5, kila mraba sentimita 50. Kipimo hiki kinakaribiana na hatua ya kawaida ya mtoto wa miaka 6 au 7. Mraba wa sentimita 30 unamfanya avuke mistari bila kujua, na wa mita 1 unamlazimisha kuruka kila amri. Uwanja mzima utakuwa mita 2.5 kwa 2.5, wenye mistari 6 kila upande. Ukitumia kamba badala ya chaki, andaa mita 30, na nyingine kidogo kwa ajili ya mafundo.

Shida kubwa ni kona. Ukikadiria kwa macho, uwanja unakuwa umepinda, na mraba wa mwisho unabaki sentimita 40. Tumia njia ya mafundi ujenzi. Funga kamba yenye mzunguko wa mita 6, uweke alama kwenye mita 1.5 na mita 3.5, kisha uinyooshe iwe pembetatu yenye pande za mita 1.5, 2 na 2.5. Kona iliyo kati ya upande wa 1.5 na wa 2 ni kona mraba. Ukimaliza, pima milalo yote miwili ya uwanja, kona hadi kona. Kila mmoja uwe karibu sentimita 354. Ukitofautiana na mwenzake kwa zaidi ya sentimita 5, sogeza kigingi kabla ya kuchora mistari ya ndani.

Kwenye udongo mkavu majivu yanashika vizuri kuliko chaki. Shule za milimani zitafute sehemu isiyo na miamba, kwa sababu kamba inayopanda juu ya jiwe na kushuka hupima jiwe pia.

Somo la kwanza liendeje?

Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Weka kopo kwenye mraba mmoja na mtoto wa "roboti" kwenye mraba mwingine, umbali wa amri zisizozidi 5. Kundi lina kazi nne: mpangaji wa kadi, roboti, msomaji wa amri, na mkaguzi anayegusa kila kadi inapotekelezwa. Roboti haruhusiwi kujisaidia. Akiambiwa MBELE naye anaona kwamba atakosea, aende hivyo hivyo. Hili ni gumu kwa watoto wema, maana wanataka kuwaokoa wenzao, na mwalimu asipolisimamia, hakuna kosa litakaloonekana na somo limepotea.

Programu ikikosea, wasiifute yote. Mkaguzi arudi hadi kadi ya mwisho iliyokuwa sahihi, wabadilishe moja inayofuata, waanze upya kutoka mwanzo.

Kugeuka ni kugeuka hapo hapo ulipo. Wengi watageuka huku wakisogea mbele, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kombo kwa mraba mmoja. Mfunge kila roboti kitambaa kwenye mkono wa kulia. Mwalimu naye asimame nyuma ya roboti, aelekee anakoelekea yeye. Ukisimama mbele yake ukanyoosha mkono wako wa kulia, unamwonyesha kushoto kwake.

Watoto wanahesabu miraba 4, lakini roboti amekwenda hatua 3. Nani kakosea?

Hakuna sehemu ya somo hili inayostahili muda zaidi ya hii. Weka roboti kwenye mraba wa kwanza na kopo kwenye mraba wa nne wa mstari huo huo. Uliza: amri ngapi za MBELE? Wengi watasema 4, kwa kuwa wanauhesabu mraba anaposimama roboti. Waache wapange kadi 4. Roboti atalipita kopo, na watoto watashangaa kweli kweli.

Usiwaambie "punguza moja". Hiyo ni kanuni watakayoitumia hata pasipotakiwa. Wafanye hivi: roboti akiwa bado amesimama, wote waseme "sifuri". Akivuka mstari wa kwanza waseme "moja", wa pili "mbili", wa tatu "tatu". Tunahesabu mivuko. Mahali pa kuanzia panaitwa sifuri kwa sababu hapo hatujakwenda popote.

Kosa hili litajirudia kwenye rula, pale mtoto anapoanza kupimia kwenye 1. Litajirudia kwenye muda, anaposema "moja" wakati saa ndiyo kwanza inaanza. Atakayelielewa kwenye miraba, kwa miguu yake, atakuwa na pa kurudi kila likitokea.

Watoto watatu wamepima urefu wa veranda, kila mmoja ana namba yake. Nifanyeje?

Furahi, kisha uchunguze. Sababu huwa moja kati ya hizi, au zote kwa pamoja: nyayo zao hazilingani, mmoja ameacha nafasi kati ya kisigino na vidole, mwingine amekanyaga juu ya alama yake mwenyewe, au njia ilipinda. Wape chaki, kila unyayo uchorewe mstari mbele ya kidole. Nafasi zilizoachwa zitaonekana zenyewe.

Wakishapima vizuri na namba bado zikatofautiana, ndipo uulize swali lenyewe: "Mwenye mguu mkubwa amepata namba kubwa au ndogo?" Karibu wote watasema kubwa. Waache wapime tena. Kwamba kipimo kikubwa hutoa hesabu ndogo ni jambo linalopingana na hisia ya mtoto, na kulieleza kwa mdomo hakusaidii sana.

Baada ya hapo kila amri iandikwe na kipimo chake. MBELE 6 haitoshi tena, iwe MBELE 6 NYAYO ZA NEEMA au MBELE 6 KANDAMBILI. Chagueni kandambili moja ya darasa. Shubiri (upana wa kiganja kilichotanuliwa) na pima (urefu wa mikono miwili ikinyooshwa), ambazo watoto huzisikia kwa fundi cherehani na kwa wavuvi, zina shida ile ile ya nyayo: zinabadilika na mwili wa mpimaji. Wakiiona shida hiyo wenyewe, haja ya sentimita wataielewa bila hotuba.

Rula ianze lini?

Pale watakapoweza kupanga vipande 10 sawasawa bila kuacha nafasi. Kwanza watengeneze yao. Kata ukanda wa katoni wa sentimita 50, uugawe sehemu 5 za sentimita 10, zipakwe rangi mbili kwa kupokezana. Namba ziandikwe kwenye mistari, na ukingo wa kushoto upewe 0. Wakiziandika katikati ya rangi, wanahesabu vipande kama miraba, na lile kosa la mwanzo linarudi.

Rula nyingi za dukani zina kipande kidogo cha plastiki kabla ya sifuri. Mwonyeshe mtoto sifuri ilipo kwa kidole, kila siku, mpaka achoke kuonyeshwa.

Kuruka kunapimwaje kwa haki?

Vidole nyuma ya mstari, miguu pamoja, ruka. Pima kutoka kwenye mstari hadi kwenye alama ya kisigino kilicho karibu zaidi na mstari. Aliyeanguka nyuma akashika ardhi kwa mkono arudie. Kila mtoto akadirie kwanza kwa kuweka kokoto anapodhani atafika. Kuruka kuelekea mteremkoni huongeza umbali, kwa hiyo kwenye uwanja ulioinama wote waruke upande mmoja, ikiwezekana kukata mteremko. Andika makadirio na matokeo kwenye safu mbili ubaoni. Inapendeza kuona makadirio yanavyosogelea matokeo siku hadi siku, hasa kwa watoto ambao hawaruki mbali.

Kuna zoezi la "kama... basi" linalohusu maisha ya huku ziwani?

Lipo, na watoto wa Kirumba au Igombe hulielewa upesi, kwa kuwa wamewaona samaki wakipimwa. Sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Hiyo tayari ni programu.

Kata samaki 9 wa katoni wenye urefu wa sentimita 38, 44, 47, 49, 50, 51, 56, 62 na 70. Usiandike namba juu yao. Tengeneza kipimo cha sentimita 50 kwa ukanda wa plastiki ule unaofungia maboksi. Uzi wa nailoni usiutumie, kwa sababu ukivutwa na mikono ya watoto unarefuka, na samaki wa 51 anageuka haramu. Chora duara la "ziwa" upande mmoja na weka kapu upande mwingine, hatua 10 kutoka mezani. Kadi zinasomeka hivi:

CHUKUA samaki.
KAMA ni mfupi kuliko kipimo, PELEKA ziwani.
LA SIVYO, PELEKA kapuni.
RUDIA mpaka samaki waishe.

Wanakimbia mmoja mmoja, kwa kupokezana. Mwishoni ziwani wawe 4, kapuni 5. Wakikosea, karibu kila mara ni kwa samaki wa 49, 50 au 51, na sababu ni mojawapo ya tatu: ncha ya kipimo haikuanzia mdomoni, mkia ulikunjwa, au ukanda ulilala mshazari juu ya samaki. Amueni mapema kwamba mnapima kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia.

Samaki wa 50 kamili atazua mabishano. Yaache yaendelee. Wasomeeni tena kadi: "mfupi kuliko". Je, anayelingana na kipimo ni mfupi? Hapo mtoto wa miaka 7 anagundua kwamba neno moja kwenye amri linaamua samaki aende wapi. Kisha badilisheni kipimo kiwe sentimita 25, kiwango cha sato, muone ni kadi ngapi zinahitaji kubadilishwa. Hakuna hata moja. Kinachobadilika ni ukanda tu.

Ujazo nao tunauingizaje kwenye mchezo?

Kwa rede. Wawili wanarusha mpira, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa ya nusu lita. Mpe kikombe kidogo cha kahawa na karatasi iliyokunjwa kama mrija mpana. Programu yake: RUDIA mpaka chupa ijae: CHOTA, FUTA, MIMINA, TAJA NAMBA. Amri ya FUTA ni kusawazisha kikombe kwa kijiti. Bila hiyo mmoja anachota lumbesa na mwingine nusu, na vikombe 7 vya huyu si sawa na vikombe 7 vya yule. Mchanga uwe mkavu. Ule wenye unyevu hushikana, huacha matundu ndani ya kikombe, na hukwama shingoni mwa chupa.

Nyumbani zoezi hili lifanyike kwa sado na maji. Sado nzima hupokea karibu lita 4, yaani chupa 8 za nusu lita. Iliyobonyezwa kitako itapokea pungufu, na mtoto atakayeigundua atakuwa msaada sokoni.

Hatuna saa ya kupimia sekunde.

Funga jiwe dogo kwenye uzi, sentimita 25 kutoka panaponing'inia hadi katikati ya jiwe. Likienda na kurudi, ni sekunde 1, kwa usahihi unaotosha kabisa kwa darasa hili. Libembee kidogo tu, upana wa kiganja, maana likibembea sana linachelewa. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu. Ukitaka sekunde 2, uzi uwe mita 1, mara nne na si mara mbili. Anayehesabu aseme "sifuri" anapoliachia.

Tuna vishikwambi. Tutumie programu gani?

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo hata kimoja kinatosha kuonyeshana. ScratchJr, programu ya kishikwambi ambamo mtoto anampangia amri mhusika wa katuni (kwa kawaida paka), ni ya bure, imekusudiwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na amri zake ni picha, kwa hiyo Kiingereza hakiwi kikwazo. Ukishaipakua haihitaji intaneti. Washa kitufe cha miraba: jukwaa lina miraba 20 kwa upana na 15 kwa urefu, na namba chini ya mshale ni idadi ya miraba atakayokwenda paka.

Mambo mawili huwachanganya watoto waliotoka uwanjani. Kugeuka kwa 1 si robo ya mduara. Mzunguko mzima ni 12, hivyo robo ni 3. Tena paka akipita ukingo mmoja anatokea upande wa pili, naye mtoto anadhani amri imekosewa. Watangulize uwanjani, watembee programu kwa miguu, ndipo waiweke kwenye kioo. Ukigeuza mpangilio huo, watabonyeza ovyo mpaka paka afike.

Shule yenye roboti wa Bee-Bot ikumbuke kwamba kila hatua yake ni sentimita 15, hivyo miraba ya sakafuni iwe ya kipimo hicho.

Darasa langu lina watoto 80.

Makundi 8 ya watoto 10, vituo vinne: miraba, kuruka, samaki, mchanga. Kila kituo kina makundi mawili, moja linatenda, la pili linakagua na kuandika. Dakika 15 wanabadilishana. Vituo viwili leo, viwili kesho. Usijaribu vyote kwa siku moja.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeona atashirikije?

Bandika utepe kwenye gurudumu. Mzunguko mmoja wa utepe ni kipimo kizuri kuliko unyayo, kwa sababu haukosei nafasi. Miraba yake iwe ya mita 1. Kwa asiyeona, kamba yenye fundo kila sentimita 50 ivutwe ikaze kando ya njia kwa kimo cha kiuno chake, naye ahesabu mafundo kwa mkono. Kwa asiyesikia, msomaji ainue kadi badala ya kusema, na kwa kweli kundi zima hufanya vizuri zaidi hivyo.

Jua, mvua na ziwa?

Fanyeni kabla ya saa nne asubuhi, saruji haijapata moto. Siku za mvua, miraba ya sentimita 30 ichorwe darasani na "roboti" awe kizibo cha chupa.

Msiende kupima ukingoni mwa maji. Ziwa lina kichocho na mamba, na mtoto anayehesabu hatua haangalii pembeni. Maji ya mazoezi yawe ya bomba.

Jua linafaa kwa zoezi moja zuri: kivuli cha kijiti kilichosimama wima. Kipimwe kila nusu saa. Hapa Mwanza kivuli kifupi kabisa hakiji saa 6:00 mchana, kinakuja kati ya saa 6:30 na saa 7:05 kulingana na mwezi, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli hicho karibu kinatoweka.

Nitajuaje kwamba mtoto ameelewa?

Mpe rula iliyovunjika inayoanzia 3, apime kijiti kinachoishia 8. Anayesema 8 anasoma namba, anayesema 6 anahesabu mistari, anayesema 5 anapima. Kisha mwambie apange programu ya kufika mwembeni kwa mwenzake mwenye hatua fupi, bila kutembea kwanza. Atakayeuliza hatua za mwenzake zina urefu gani yuko tayari kwa sentimita. Aliyesema 6 au 8 mrudishe kwenye miraba, asimame, aseme "sifuri" kabla hajanyanyua mguu. Kumpa rula nyingine haitasaidia.